Ukurasa mmoja mrefu, kurasa nyingi fupi au PDF? Kuchagua umbo la mwongozo unaosomwa kwenye simu

Mtu anayepewa kazi ya kuweka mwongozo mtandaoni ana uamuzi mmoja wa kufanya kabla ya mengine yote: auweke wote kwenye ukurasa mmoja, aukate vipande vilivyounganishwa kwa viungo, au aupakie kama ulivyo, faili la PDF, na kuweka kitufe cha kupakua. Wengi hawaamui. Hufuata kiolezo walichokikuta, au kile ambacho fundi wao amezoea. Anayelipa gharama ni msomaji, kwa bando lake na muda wake, akigusa hapa, akirudi, akigusa pale, mpaka anakata tamaa na kumpigia katibu simu kuuliza jambo ambalo limeandikwa.

Nitazilinganisha njia hizi kwa mfano mmoja: mwongozo wa wanachama wa SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Nimeuchagua kwa sababu una kila aina ya ugumu. Kuna hatua za kufuatana, kama kujiunga na kulipa kiingilio. Kuna kanuni za kurejelea, kama riba na adhabu ya kuchelewesha marejesho. Kuna maneno ya fani: hisa, akiba, amana, mdhamini. Kuna na fomu. Anayeandika mwongozo wa kilimo cha parachichi, wa kliniki ya wajawazito au wa kufungua biashara atakutana na mambo yaleyale.

Msimamo wangu nausema mapema: kwa miongozo mingi ya Kiswahili inayosomwa kwenye simu, ukurasa mmoja mrefu wenye orodha ya yaliyomo juu yake ndio bora. Haushindi kila mahali, na nitaonyesha unaposhindwa.

Ugumu unatoka wapi

Mwaka 1987, kabla wavuti haijakuwepo, mtafiti wa Marekani Jeff Conklin alichapisha tathmini ya mifumo ya maandishi yenye viungo iliyokuwa ikitumika wakati huo. Alitaja matatizo mawili ambayo mpaka leo hayajatuacha. La kwanza ni kupotea: msomaji hajui yuko wapi ndani ya maandishi, wala afanyeje kufika mahali ambapo ana hakika kwamba papo. La pili ni mzigo wa kuamua. Kila kiungo kinamuuliza msomaji kama akifuate au akipite, na kujibu kunakula akili ileile ambayo angeitumia kuelewa sentensi. Tim Berners-Lee alipopeleka pendekezo lake la wavuti kwa wakuu wake wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwezi Machi 1989, aliegemea juu ya wazo hilohilo la viungo, na matatizo hayo mawili yakaenea nalo duniani.

Miaka 20 baada ya Conklin, mwaka 2007, Diana DeStefano na Jo-Anne LeFevre wa Kanada walipitia tafiti zilizokuwa zimefanywa kuhusu usomaji wa aina hii. Waliona kwamba vipengele vingi vya maandishi yenye viungo huongeza mzigo kwenye kumbukumbu ya msomaji, na kwamba wanaoumia zaidi ni wale wasioijua mada tangu awali. Ila pale mpangilio wa kurasa ulipofuata mpangilio wa mada yenyewe, mara nyingine hata wageni wa mada walifaidika.

Jambo hilo ni zito kwa mwandishi wa mwongozo, kwa sababu mwongozo huandikiwa mgeni. Mjumbe wa kamati ya mikopo hauhitaji, maana kanuni anazijua kwa moyo. Anayeuhitaji ni mama aliyejiunga mwezi uliopita, asiyejua tofauti ya hisa na akiba, na huyo ndiye ambaye viungo vingi vinamwelemea.

Ukurasa mmoja dhidi ya kurasa nyingi

Tuseme mwongozo wetu una maneno 6,000, na mwanachama anataka mkopo wa dharura kwa sababu mtoto amelazwa.

Kwenye tovuti ya kurasa nyingi anaanzia ukurasa wa mwanzo, anagusa Huduma, kisha Mikopo, kisha Mkopo wa Dharura. Anasoma kwamba kiwango kinategemea akiba yake, na neno akiba ni kiungo. Anasoma kwamba atahitaji wadhamini, na wadhamini ni kiungo pia. Anakwenda kwenye ukurasa wa wadhamini, anaambiwa mdhamini asiwe na deni lililochelewa, na hapo kuna kiungo kingine. Kila kugusa ni kusubiri ukurasa upya, na mtandao ukiyumba ni skrini nyeupe. Akitaka kulinganisha kanuni ya akiba na kiwango cha mkopo, inabidi ashike namba moja kichwani akiwa anakwenda kutafuta nyingine.

Kwenye ukurasa mmoja anakuta orodha ya yaliyomo, anagusa Mkopo wa Dharura, na skrini inashuka mpaka pale. Kanuni za akiba ziko juu kidogo na za wadhamini ziko chini kidogo, kidole kinapandisha na kushusha. Tena ukurasa ukishafunguka hauhitaji mtandao ili kusogea ndani yake. Akiwa kwenye basi linalopita mahali pasipo na mnara, bado anasoma.

Wanaoukataa ukurasa mrefu huwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba ni mzito. Maneno 6,000 ya Kiswahili ni kilobaiti 50 hivi za maandishi matupu. Picha moja iliyopigwa kwa simu janja, isiyopunguzwa, kwa kawaida hupita megabaiti 2, yaani mara 40 ya mwongozo mzima. Kinacholemea kurasa zetu ni picha za viongozi wakikata utepe, video zinazojiwasha zenyewe na mapambo ya kiolezo. Ukitaka ukurasa mwepesi, anza kupunguza huko, maandishi yaache.

Hofu ya pili ni kwamba watu hawashuki chini. Watu hushuka wakiona dalili kwamba wanachokitafuta kiko huko chini. Orodha ya yaliyomo ndiyo dalili yenyewe. Ukurasa mrefu usio na orodha ni jambo jingine kabisa. Huo siutetei, na kati yake na kurasa nyingi zilizopangwa vizuri ningechagua kurasa nyingi.

Kuna faida moja ambayo watu hudhani ni ya kurasa nyingi peke yake: kumtumia mtu kiungo cha jambo moja. Si kweli. Kila kichwa cha habari ndani ya ukurasa kinaweza kupewa kitambulisho chake kwenye msimbo, yaani maandishi ya kompyuta yanayoujenga ukurasa, mfano id="mkopo-wa-dharura". Baada ya hapo anwani ya ukurasa ikimaliziwa na #mkopo-wa-dharura, atakayeigusa anatua moja kwa moja kwenye sehemu hiyo. Katibu anaibandika kwenye kundi la WhatsApp la wanachama, na hakuna atakayeuliza «iko wapi?». Fundi wako akisema haiwezekani, mwambie imewezekana tangu siku za mwanzo za wavuti.

Kurasa nyingi zina nguvu zake za kweli. Kila ukurasa una kichwa chake kinachoonekana kwenye matokeo ya utafutaji, kwa hiyo mtu wa nje anayetafuta namna ya kuwa mdhamini anaweza kuufikia ukurasa wa mdhamini hata bila kuijua SACCOS yenu. Takwimu za wasomaji zinasomeka vizuri pia: unaona ukurasa upi unatembelewa na upi umesahaulika. Na kama sehemu mbalimbali zinasimamiwa na watu tofauti, kila mmoja anahariri wake bila kugusa wa mwenzake.

Njia ya katikati ni sehemu za kukunja: vichwa vinaonekana, maelezo yamefichwa mpaka uguse. Wikipedia imekuwa ikionyesha makala zake hivyo kwenye simu. Inapendeza kwa macho, na orodha ya vichwa inakuwa ndiyo orodha ya yaliyomo. Lakini maandishi yaliyokunjwa huenda yasipatikane mtu akitafuta neno ndani ya ukurasa, huenda yasitoke kwenye karatasi akichapisha, na anayetaka kusoma yote inabidi afungue moja moja. Mimi ningekunja vitu vya pembeni tu, kama mfano mrefu wa kupiga hesabu ya riba, na kanuni zenyewe ningeziacha wazi.

Ukubwa nao una mwisho wake. Mwongozo ukizidi maneno 10,000, au ukiwa na wasomaji wa aina mbili wasiohusiana, kwa mfano wanachama kwa upande mmoja na wakaguzi wa hesabu kwa upande mwingine, ukate. Lakini ukate kwa wasomaji wake: ukurasa wa mwanachama na ukurasa wa mkaguzi. Kukata kila kichwa kikawa ukurasa wake kunaurudisha ugumu uleule.

Vipi kuhusu PDF?

Wengi tumeizoea PDF kwa sababu inatumwa WhatsApp, inakaa kwenye simu bila bando, na inachapishwa steshenari ikatoka kama ilivyo. Kwa fomu ya kujaza kwa kalamu na kutia saini, sioni cha kuishinda. Vivyo hivyo kwa katiba ya chama iliyopitishwa na mkutano mkuu, ambayo haipaswi kubadilika hata nukta.

Kwa mwongozo wa kusomwa kwenye skrini ya simu ni taabu. Ukurasa wa A4 haujipangi upya kulingana na upana wa simu, kwa hiyo msomaji anavuta maandishi kwa vidole viwili, anasukuma kulia kumalizia mstari, anarudi kushoto kuanza mwingine. Orodha ya yaliyomo mara nyingi haiguswi kwa sababu aliyeitengeneza hakuweka viungo, au aliskani karatasi, na hapo kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona, huenda kisisome chochote. Kuna na shida ya toleo: riba ikibadilika, faili la zamani linaendelea kuzunguka kwenye makundi, na wanachama wawili wanabishana kila mmoja akiwa na PDF yake.

Kwa hiyo mimi ningeweka mwongozo kama ukurasa, na PDF ya kupakua pembeni yake, yenye tarehe ya toleo kwenye jina la faili na juu ya kila ukurasa.

Viungo ndani ya sentensi au baada ya aya

Hapa ndipo maandishi mengi yanapoharibikia, na hapa ndipo mwandishi ana uwezo kuliko fundi. Tazama namna mbili za kuandika jambo moja. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba ni viungo.

Namna ya kwanza: «Mwanachama mwenye [akiba] ya kipindi kisichopungua miezi mitatu anaweza kuomba [mkopo wa dharura] kwa kujaza [fomu] na kuleta [wadhamini] wawili ambao [hawadaiwi], kisha maombi yatapelekwa kwa [kamati ya mikopo].»

Namna ya pili: «Mwanachama aliyeweka akiba kwa miezi mitatu mfululizo au zaidi anaweza kuomba mkopo wa dharura. Ajaze fomu na alete wadhamini wawili, wote wawe wanachama wasio na deni lililochelewa. Kamati ya mikopo ndiyo inayoamua.
Pakua: [Fomu ya kuomba mkopo wa dharura, PDF, kurasa 2]
Soma pia: [Wajibu wa mdhamini mkopaji akishindwa kulipa]»

Ya kwanza ina viungo sita ndani ya sentensi moja. Msomaji hajui kiungo cha «hawadaiwi» kinampeleka wapi, na hajui kama kukipuuza kutamfanya akosee. Ya pili ina viungo viwili, kila kimoja kinajieleza, na vinakuja baada ya wazo kukamilika. Viungo vilivyoondoka havikutupwa hivihivi: kile ambacho msomaji angekwenda kukitafuta upande wa pili kimeletwa ndani ya sentensi kwa maneno machache. «Wasio na deni lililochelewa» ni maneno manne na yamefuta ukurasa mzima. Kazi hiyo ni ya mwandishi, hakuna programu itakayomfanyia.

Kidole nacho kina hoja yake. Miongozo ya WCAG, inayotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ili kurasa ziweze kutumiwa na watu wenye ulemavu na wasio nao, katika toleo la 2.2 la mwaka 2023 inataka vitu vya kuguswa viwe na angalau pikseli (nukta za skrini) 24 kwa 24 au nafasi ya kutosha kuvizunguka. Viungo vilivyo ndani ya sentensi vimesamehewa sharti hilo, maana haviwezi kukuzwa bila kuvuruga mistari. Kwa msomaji wa simu ndogo msamaha huo hausaidii kitu: viungo viwili vikikaribiana, kidole kinagusa kisichokusudiwa. Kiungo kilichokaa kwenye mstari wake mwenyewe unaweza kukipa nafasi unayotaka.

Lakini nisizidishe. Kwenye maandishi ya kamusi na ensaiklopidia, kiungo ndani ya sentensi ndicho kinachofaa. Anayesoma Wikipedia ya Kiswahili kuhusu Kilwa Kisiwani akakuta neno Sofala ana haki ya kuruka mara moja, kwa sababu amekuja kuzurura na kujifunza, hakuja kujaza fomu. Kamusi zetu za karatasi zimekuwa zikifanya hivyo kwa «taz.» tangu zamani. Kwa mwongozo, kipimo changu ni hiki: kiungo kiingie ndani ya sentensi ikiwa tu msomaji hawezi kuchukua hatua bila kukifuata. Vingine vyote vishuke chini ya aya.

Menyu, kisanduku cha kutafuta, na tabia ya Kiswahili

Wenye tovuti hupenda kusema kwamba msomaji akipotea atatafuta. Kwa Kiswahili ahadi hiyo ina tundu. Maneno yetu hubadilika mwanzoni, na visanduku vingi vya kutafuta vilitengenezwa kwa lugha zinazobadilika mwishoni. Anayetafuta «mkopo» ndani ya ukurasa hatapata sentensi yenye «mikopo» tu. Anayetafuta «mwanachama» ataikosa «wanachama» na ataikosa «uanachama». Kitenzi ndiyo zaidi: kukopa, amekopa, tulimkopesha, watakaokopeshwa. Anayejua atatafuta kipande kisichobadilika, «kopo» au «kop», lakini hatuwezi kumtaka kila mwanachama ajue hilo.

Kwa sababu hiyo orodha ya yaliyomo ina thamani kubwa kwetu kuliko kisanduku cha kutafuta, na maneno ya orodha hiyo yachaguliwe kwa uangalifu. «Huduma Zetu», «Taarifa Muhimu», «Mengineyo» ni vichwa visivyomwambia msomaji kitu. Andika anachokitafuta yeye: «Kujiunga na gharama zake», «Ukitaka mkopo wa dharura», «Ukishindwa kurejesha kwa wakati», «Ukitaka kujitoa na kuchukua akiba yako». Vichwa vinne vya namna hii vinafanya kazi kuliko menyu ya vitu kumi na vinne.

Ukichagua kurasa nyingi, basi ongeza mstari wa njia juu ya kila ukurasa: Mwanzo › Mikopo › Mkopo wa dharura. Ni kitu kidogo na kinalijibu tatizo la Conklin la kupotea, hasa kwa msomaji aliyetua katikati ya tovuti kutoka kwenye utafutaji na hajawahi kuuona ukurasa wa mwanzo. WCAG pia inataka, katika ngazi ya AA, ambayo ni ya kati kati ya ngazi zake tatu, pawe na njia zaidi ya moja ya kuufikia ukurasa, mfano menyu pamoja na utafutaji au ramani ya tovuti. Kwenye ukurasa mmoja huhitaji mstari wa njia. Kinachotosha ni kiungo kifupi cha «Rudi kwenye yaliyomo» mwisho wa kila sehemu.

Menyu za kushuka zinazotegemea msimbo mwingi zijaribiwe kwanza kwenye vivinjari vinavyobana data, kama Opera Mini katika hali yake ya kubana zaidi, kwa sababu huko si kila kitu kinafunguka kama kilivyokusudiwa. Orodha ya kawaida ya viungo hufunguka popote.

Mengine kwa kifupi

«Bofya hapa» dhidi ya jina la kitu: chukua jina la kitu, kila mara. Asiyeona anaweza kukiamuru kisoma skrini kimtajie viungo vyote vya ukurasa kwa mfululizo, na kurasa nyingine humtajia «bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa». Mwenye macho naye husoma hivyohivyo, anapitisha macho kwenye viungo tu. Ikiwa kiungo ni faili, taja aina na ukubwa wake ili mwenye bando dogo aamue mwenyewe.

Kufungua dirisha jipya dhidi ya kufungua palepale: palepale. Kwenye dirisha jipya kitufe cha kurudi hakimrudishi msomaji alikotoka, na kwenye simu madirisha hayaonekani yakiwa pamoja, kwa hiyo anajikuta mahali asipopajua. Ningekubali dirisha jipya pale tu mtu anapokuwa katikati ya kujaza fomu na kuondoka kungefuta alichokwisha kuandika. Hata hapo mwambie kwanza.

Mstari chini ya kiungo dhidi ya rangi peke yake: weka mstari. Kuna wasiotofautisha rangi vizuri, na kuna jua la mchana linalozifanya rangi zote za skrini zifanane. Usipigie mstari neno lolote lisilo kiungo, hata kwa kulisisitiza. Rangi ya kiungo kilichokwisha kutembelewa iache iwe tofauti. Wabunifu wengi huiondoa kwa ajili ya urembo, ilhali ndiyo inayomkumbusha msomaji kwamba huko ameshapita.

Maneno magumu yafafanuliwe wapi

Swali hili linawagusa pia wanaoweka tenzi za kale mtandaoni. Msomaji wa leo akikutana na Kiamu, lahaja ya Lamu, mato kwa macho, nti kwa nchi, ndia kwa njia, anahitaji msaada karibu. Vitabu vya diwani vimetumia njia mbili: tanbihi chini ya ukurasa, au sherehe, yaani orodha ya maneno na maana zake, mwishoni mwa kitabu. Mtandao umeongeza ya tatu, kisanduku kinachojitokeza ukipeleka kishale juu ya neno.

Kisanduku kinavutia kwenye kompyuta. Kwenye simu hakuna kishale, na mara nyingi kugusa neno hakuleti kitu, au kunaleta kisanduku kinachofunika ubeti wenyewe. Sherehe ya mwishoni inamlazimu msomaji wa skrini kuruka kwenda na kurudi kwa kila neno, na utamu wa utenzi unapotea njiani. Tanbihi ya chini ya ukurasa haina maana pale ambapo ukurasa hauna mwisho. Njia ninayoipendelea ni kuweka maelezo chini ya kila ubeti, kwa herufi ndogo zaidi na rangi iliyofifia kidogo lakini inayosomeka: ubeti unasomwa wote, jicho linashuka mstari mmoja, linapanda tena. Anayejua lugha anapita bila kusimama.

Kwa mwongozo wa SACCOS jambo ni rahisi zaidi. Fafanua neno ndani ya sentensi mara ya kwanza linapotokea: «hisa, yaani mchango unaokufanya uwe mmiliki wa chama, usioweza kuuchukua mpaka ujitoe». Baada ya hapo litumie bila kulieleza. Kama msomaji anaweza kuanzia sehemu yoyote, na kwenye ukurasa wenye orodha ataanzia anapotaka, rudia ufafanuzi mfupi kwenye kila sehemu ambayo neno hilo linabeba uamuzi wa fedha.

Pale kurasa nyingi zinaposhinda

Sheria na kanuni ndogo zinazorejelewa kwa kifungu, kamusi, orodha ya dawa au mbegu, tovuti ya habari, ensaiklopidia: hivi vyote vikatwe. Msomaji wake anakuja na jina la kitu kimoja, anakichukua, anaondoka. Vivyo hivyo kozi ya masomo yenye mazoezi, ambako kumaliza ukurasa ni alama ya kumaliza somo na mwanafunzi anatakiwa asiruke.

Lakini anayekata kurasa awe tayari kuzitunza. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuweza kufikiwa tena miaka kumi baadaye. Kila ukurasa unaouzaa ni anwani inayopaswa kubaki hai, na kila kiungo kati ya kurasa ni ahadi ya kukaguliwa. Tovuti ya kurasa 30, kila mmoja ukiwa na viungo vitano kwenda kwa nyingine, ina viungo 150 vinavyoweza kufa mtu mmoja akibadilisha jina la ukurasa au akihamisha tovuti. Chama kinachoendeshwa na katibu wa kujitolea hakina mtu wa kazi hiyo. Ukurasa mmoja wenye vichwa kumi una viungo kumi vya ndani, na ukiuhamisha vinahama navyo.

Ukishachagua, jaribu kabla ya kutangaza. Mpe mwongozo mwanachama ambaye hakushiriki kuuandika, aufungue kwa simu yake mwenyewe na bando lake la kawaida, umuulize maswali matatu ya kweli: mkopo wa dharura unalipwa kwa miezi mingapi, mdhamini akifariki inakuwaje, fomu ya kujitoa iko wapi. Usimwelekeze. Angalia kidole chake kinakwenda wapi kwanza. Akigusa kichwa kisicho chake akarudi, kichwa hicho kina jina baya. Badilisha jina kabla ya kufikiria kuongeza kiungo. Akishuka mpaka mwisho bila kugusa orodha, huenda orodha imesukumwa chini na picha ya juu ya ukurasa, basi picha iondoke. Ukisharekebisha, mtafute mwanachama mwingine umpe maswali yaleyale.